Nywele Chini ya Miwani

Nahodha ndiye aliyemwona kwanza. Ilikuwa yapata saa tano asubuhi, maji yamekupwa, na boti yake ya injini ilikuwa ikirudi taratibu kando ya mwamba wa matumbawe alipoona kitu kinaelea karibu na boya la njano. Alidhani ni gunia. Alipokaribia akaona ni mtu, kalala kifudifudi, mikono imetanda kama anayetafuta kitu alichokiangusha chini. Alizima injini, akajitosa na nguo zake, akamgeuza. Alikuwa Mwalimu.

Kila mgeni aliyewahi kufika kisiwani pale alimjua Mwalimu. Hakuwa na darasa wala chaki. Alifundisha watu kuogelea na kutazama mwamba kwa miwani ya kuzamia, na muda uliobaki aliutumia kutunza bustani yake ya chini ya maji: fremu za chuma alizozifungia vipande vya matumbawe machanga, vikue na kuziba pale mwamba ulipovunjika. Nahodha alimpandisha botini, akamkandamiza kifua mpaka akatapika maji, kisha akaelekea ufukweni kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa.

Ufukweni, mbele ya nyumba ya wageni, Inspekta alikuwa amekaa mchangani na nguo ya kuogelea aliyonunuliwa na mumewe, akimsubiri Mwalimu kwa somo la tatu. Alikuwa mpelelezi wa makosa ya jinai mjini, mama mtu mzima, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowahi kuwatoa jasho majambazi wakubwa kuliko yeye mara mbili. Likizo hii hakuitaka. Mumewe ndiye aliyeitaka kwa niaba yake, na ili asitoroke njiani akamfunga na dada yake, Wifi, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua maana ya likizo.

Inspekta aliposikia injini inavyolia, alisimama. Mtu mwenye habari njema haendeshi boti hivyo.

Watu waliokuwa ufukweni walimshusha Mwalimu, wakamlaza kivulini. Alikuwa anapumua, lakini kwa mbali, kama anayepumulia chumba cha pili. Kisogoni alikuwa na jeraha. Shangazi yake, mwenye nyumba ya wageni, alitoka jikoni na unga mikononi, akapiga magoti, akamshika miguu yote miwili kana kwamba kuna mtu anataka kumchukua. Walipomaliza kumpakia kwenye gari la zahanati, ndipo Inspekta alipopata nafasi ya kwenda botini.

Miwani ya kuzamia ya Mwalimu ilikuwa sakafuni. Inspekta aliinama, akaitazama bila kuigusa. Kwenye ukingo wa mpira, pale unapoushika uso, kulikuwa na nywele. Hazikuwa mbili tatu; zilikuwa ncha za msuko mzima, zimebanwa na kukatika.

Alisimama akiitazama miwani ile kwa muda mrefu. Katika somo la kwanza Mwalimu alimfunga kitambaa kichwani kwa mkono wake mwenyewe, akakikaza mpaka macho yakamtoka. Mama, alimwambia, hata unywele mmoja ukipita hapa, maji yanaingia, na maji yakiingia, hofu inaingia nayo. Mwanamke wa namna hiyo hawezi kuvaa miwani juu ya misuko yake. Miwani ile alikuwa amevalishwa.

*

Koplo wa kituo cha kisiwa alikuwa kijana mkunjufu, mwenye kituo cha vyumba viwili na mahabusu moja ambayo mara nyingi alihifadhia baiskeli. Mchana ule baiskeli zilikuwa nje, na ndani alikuwa Nahodha.

Koplo alieleza hoja yake vizuri. Wiki iliyopita, gatini, mbele ya watu, Nahodha alimwambia Mwalimu kwamba ipo siku bahari itamfunga mdomo. Sababu ilijulikana na kila mtu: Mwalimu alimshitaki kwa kutupa nanga juu ya matumbawe, Nahodha akasimamishwa kazi mwezi mzima, na ndio kwanza alikuwa amerudishwa. Sasa huyo huyo ndiye aliyemkuta, peke yake, bila shahidi. Kwa kawaida, alisema Koplo, aliyemwokota ndiye aliyemtupa.

Inspekta hakuja kubishana. Alijua yuko nje ya eneo lake, na askari akibishiwa mbele ya mahabusu wake hashindiki. Alimwomba tu ampigie simu mkuu wake wa wilaya, akataja jina la cheo chake na la kitengo chake, akakaa kwenye benchi na kusubiri. Koplo aliporudi kutoka kwenye simu, alikuwa amefunga kifungo cha juu cha shati.

"Afande, nimeambiwa nikusaidie," alisema. "Na nimeambiwa nijifunze."

"Basi tujifunze wote. Kule majini mimi mwenyewe ni darasa la kwanza."

Nahodha aliletwa. Alikuwa bado na nguo zile zile, chumvi imemkaukia mabegani. Hakuukana ugomvi. Alisema alikasirika kweli, na maneno yale aliyasema kweli, na mtu akiyarudia sasa hivi anatamani ardhi impasukie. Inspekta alimwacha aseme mpaka akamaliza, kisha akamuuliza jambo moja tu: alipomgeuza, miwani ilikuwaje?

"Imejaa maji," Nahodha alijibu. "Nywele zimenasa ndani. Niliivuta kwa nguvu, nikasikia zinakatika. Hata pale nilijiuliza, Mwalimu huyu huyu anayetusimanga sisi wengine, leo kavaaje?"

"Na kitambaa chake cha kichwani?"

"Sikukiona."

Walipotoka nje, Inspekta alimwonyesha Koplo njia bila kumsuta. Jeraha lile, tabibu wa zahanati ameshasema, ni moja, na halina mikwaruzo pembeni. Mtu akitupwa na wimbi kwenye matumbawe hukwanguliwa kama nazi kwenye mbuzi. Hatoki na nundu moja safi. Kwa hiyo kapigwa. Aliyempiga akaona kitambaa na miwani vimemtoka, na akajua maiti ya mzamiaji bila miwani italeta maswali. Akamrudishia miwani ili ionekane ajali.

"Nahodha angetaka ionekane ajali," Inspekta alimalizia, "angepita zake tu. Nani angemuuliza? Mtu hamwui mwenzake, akamvalisha, kisha akamtapisha maji."

Koplo alikuna kidevu. Alikwenda akafungua mlango wa mahabusu, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akamkopesha Nahodha shati kavu.

*

Jioni ile nyumba ya wageni ilikuwa kimya. Ilikuwa nyumba ndogo: vyumba sita, baraza refu linalotazama maji, na stoo ya vifaa ambako miwani, mirija ya kupumulia na viatu vya mapezi vilitundikwa kwenye misumari, mlango wazi, kila mgeni ajichukulie. Kundi kubwa la wageni liliondoka siku nne nyuma. Waliobaki walikuwa Inspekta na Wifi, na maharusi wawili waliokuja kula fungate.

Bibi Harusi alikuwa msichana mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na Wifi alikuwa amemfanya mdogo wake tangu siku ya kwanza. Mumewe alikuwa mtu mzima kidogo, mpole, wa rangi ya maji ya kunde, msafi wa mavazi. Walipowasili kwa boti moja na kina Inspekta, kichwa chake kilichonyolewa upara kilikuwa kinameremeta hata Wifi akanong'ona kwamba wakipotea baharini, huyu ndiye taa yao. Lakini boti ilipoingia gatini alishikwa na kichwa ghafla, akapitiliza chumbani, na tangu hapo hakuonekana sana. Chakula alipelekewa. Asubuhi alichukua kitabu akaenda kujikalia peke yake nyuma ya rasi, mahali palipotulia, na kofia ya kitambaa kichwani, ambayo hakuivua hata mezani mara moja moja alipokuja.

Wifi alijua sababu, kwa kuwa Wifi alijua sababu za kila kitu. Bwana yule alikuwa mgane. Mke wake wa kwanza alichukuliwa na maji, mwili haukupatikana, na tangu siku hiyo haingizi mguu baharini hata kifundo. Wala hakujifunza kuogelea maishani. Fungate ya kisiwani ilikuwa zawadi ya baba yake Bibi Harusi, aliyewapa tiketi siku ya harusi bila kuwauliza, na kijana wa watu akaona haya kukataa zawadi ya mkwe.

"Wanaume wenye haya wameadimika, wifi yangu," alisema Wifi. "Mumeo asingekataa tu, angeuliza na risiti."

Bibi Harusi alipita barazani akitafuta shubiri. Mumewe ameungua na jua, alisema, mashavu ya miguu yamemchubuka hata suruali haivaliki. Ndiyo matokeo ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima na kitabu. Shangazi, ambaye alikuwa amerudi kutoka zahanati kuchukua kanga, alimkatia jani la shubiri bila kumtazama. Macho yake yalikuwa kwingine kabisa.

Kabla hajaondoka tena, Shangazi alimwendea Inspekta. Alisema yeye hakujaliwa mtoto. Yule ni mtoto wa marehemu kaka yake, alikuja kwake miaka kumi iliyopita na begi moja na maneno machache, na tangu aje nyumba hii ina sauti. Hakuomba chochote. Alisimama tu pale, mikono imefumbatwa, akisubiri kuambiwa kitu.

"Aliyefanya hivi bado yuko kisiwani," Inspekta alimwambia. "Na boti ya bara haitoki mpaka kesho saa tisa. Kalale pembeni ya mwanao, Shangazi. Kazi hii ni yangu."

*

Asubuhi, Wifi ndiye aliyeleta habari ya mpishi. Alikuwa amepokea chai yake akaona mikono. Mikono ya mpishi ilikuwa imechanika viganjani, alisema, kama mtu aliyegombana na paka akashindwa.

Mpishi alikuwa bwana mnene, mwenye aibu, na kisiwa kizima kilijua kwamba aliwahi kumposa Mwalimu akakataliwa kwa upole. Koplo aliposikia posa, macho yakamng'aa. Walimkuta jikoni akimenya viazi. Alisema amejikata na kisu. Inspekta alivuta kibao akakaa, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye. Baada ya kiazi cha tatu akamwambia, bila kuinua macho, kwamba kisu hukata mstari mmoja, na mpishi aliyeshika kisu miaka yote hii hajikati viganja vyote viwili. Yale ni matumbawe.

Mpishi aliweka kiazi chini. Kisa kikatoka. Jana asubuhi alikwenda kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa, hadi upande wa mwamba uliokatazwa, kuvunja kombe kubwa za mapambo ambazo wageni huzipenda. Mwalimu alishamkanya. Alipomwona akija kwa kuogelea kutoka ufukweni alijikunja nyuma ya jiwe, akajivuta kinyumenyume mpaka akakimbia, ndipo alipochanika. Kwamba wakati yeye anajificha asionekane, mwenzake alikuwa anakwenda kupigwa, hilo lilikuwa limemlaza macho.

"Ulimwona mtu mwingine?" Inspekta aliuliza.

"Mtu, hapana. Niliona mrija. Ncha nyekundu. Ulikuwa umesimama tu pale karibu na boya, hauendi wala haurudi. Nikajua ni mwanafunzi wake anamsubiri."

"Mwalimu alikuwa amefika?"

"Bado, mama. Ule mrija ulimtangulia muda mrefu."

Inspekta alimaliza kumenya kiazi chake, akamshukuru, akatoka. Mirija yenye ncha nyekundu ilikuwa ya nyumba ya wageni. Mwalimu mwenyewe aliipaka rangi ili wageni waonekane kwa mbali. Nahodha hana haja ya mrija. Mpishi ana wake wa zamani, mweusi. Mtu aliyeelea uso chini, akimsubiri Mwalimu, alichukua kifaa kwenye misumari ya stoo, na kama ni mgeni, wageni walikuwa wanne.

Yeye alikuwa ufukweni. Wifi, tangu kifungua kinywa mpaka injini ya Nahodha ilipolia, alikuwa barazani akimsuka Bibi Harusi, na kwa jinsi Wifi asukavyo, yule msichana asingeweza kugeuza shingo, sembuse kwenda baharini. Alibaki mmoja: mtu asiyejua kuogelea, anayeogopa maji, ambaye hajawahi kubadilishana hata salamu na Mwalimu.

Koplo alisema hiyo haiwezekani. Inspekta alikubali kwamba haiwezekani kama yote aliyosema yule bwana ni kweli. Kisha akamuuliza Koplo swali lililomfanya asimame katikati ya njia: mtu akikaa kwenye kiti akisoma kitabu, jua linamuunguza mbele au nyuma?

*

Saa sita mchana muuguzi aliwaruhusu kuingia. Mwalimu alikuwa ameegemezwa mito, kichwa kimefungwa bandeji nyeupe, uso umevimba upande mmoja. Lakini macho yalikuwa yake. Alimuuliza Inspekta kama amefanya mazoezi ya kupiga miguu. Inspekta akasema hapana, mwalimu hakuja.

Alichokumbuka kilikuwa kidogo. Alikuwa anakaza kamba kwenye fremu ya mwisho, akahisi mtu anamvuta mguu kutoka nyuma. Alidhani ni mzaha wa mwanafunzi. Kabla hajageuka, kisogo kikapasuka. Uso hakuuona. Adui hakuwa naye, labda samaki.

"Uliwahi kuolewa?" Inspekta aliuliza.

Shangazi aliinua kichwa. Mwalimu akaeleza bila uchungu, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Aliolewa mji wa mbali, na mtu mzuri machoni pa watu. Hakumpiga, hakumtukana. Alichoweza ni kumfanya aombe ruhusa ya kila kitu, hata ya kufungua dirisha. Siku moja alilifungua bila kuomba, akatazama nje, na jioni yake akaondoka. Alikuja kwa shangazi yake, ambaye huyo mume hakumfahamu wala hakuwahi kumwona. Aliagiza watu wamwombee talaka mara kadhaa. Hakujibiwa hata mara moja, kama vile aliandikia kaburi.

"Alijua kuogelea, huyo bwana?"

"Vizuri sana." Mwalimu alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nilimfundisha mwenyewe. Ndiyo kitu pekee alichokubali kufundishwa na mimi."

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo alikuwa anatazama sakafu, akihesabu mambo kichwani, na hesabu ilikuwa inakubali.

"Mwanangu," Inspekta alisema, akavuta kiti karibu, "nina jambo la kukwambia, na nitalisema polepole. Nadhani huko ulikotoka, wewe ulishakufa."

*

Saa nane na nusu mizigo ya maharusi ilikuwa imepangwa barazani. Bwana Harusi alikuwa tayari ameketi, suruali ndefu ya kitani, kofia kichwani. Bibi Harusi alikuwa anamuaga Wifi kwa mara ya tatu. Nahodha, ambaye boti yake ndiyo ingewavusha, alisubiri chini ya ngazi na shati la Koplo mwilini.

Inspekta alipanda ngazi, akasalimia, akaketi mkabala na yule bwana. Koplo alibaki mlangoni. Inspekta alisema anasikitika kuwachelewesha, lakini kuna maswali mawili matatu, na kila mtu amekwisha kuulizwa isipokuwa yeye. Bwana Harusi alisema aulize tu, hana la kuficha. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyezoea kuaminiwa.

"Jana kabla ya saa tano ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya rasi. Kwenye kiti changu, na kitabu. Kama kila siku."

"Na bahari huingii?"

"Mama, nadhani unaijua habari yangu." Aliinamisha kichwa kidogo. "Siwezi. Wala sijui kuogelea."

Inspekta alitikisa kichwa kwa upole, akasema pole. Kisha akamwambia kwamba amesikia ameungua miguu, na ameungua nyuma, kwenye mashavu ya miguu. Kiti hakiunguzi mtu nyuma. Bwana Harusi hakubabaika. Alisema mara nyingine alishuka akalala kifudifudi mchangani, usingizi ukampitia. Lilikuwa jibu zuri, na Bibi Harusi akalidaka, akaanza kueleza jinsi mumewe anavyopenda kulala.

"Inawezekana," Inspekta alisema. "Basi naomba uvue kofia."

Hapo ndipo baraza lilipobadilika. Bwana Harusi aliuliza kofia inahusu nini. Alisema hajisikii vizuri, jua kali. Walikuwa kivulini. Bibi Harusi, ambaye hakuwa na shaka yoyote na alitaka tu mambo yaishe wawahi boti, alicheka, akanyoosha mkono, akaivua yeye mwenyewe.

Upara wa yule bwana ulikuwa umeiva kwa jua, umeanza kuchubuka kama mashavu ya miguu yake. Lakini nyuma, kutoka juu ya sikio moja hadi la pili, ulipita mstari mpana wa ngozi ya rangi yake ya zamani, umenyooka kama uliopigwa rula. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake. Kwa mara ya kwanza tangu waje, hakusema kitu.

"Huo ni mkanda wa miwani ya kuzamia," Inspekta alisema. "Mkanda huo hauachi alama kwa asubuhi moja. Ulikuwa ukielea uso chini siku baada ya siku, mgongo na fulana, miguu na kichwa wazi, ukimchunguza anakuja saa ngapi, anainama wapi, anakaa peke yake kwa muda gani. Kofia uliianza hapa kisiwani. Siku tunafika kichwa kilikuwa wazi, tulikiona wote."

"Kuogelea si kosa," alisema yule bwana. Sauti ilikuwa imekauka.

"Si kosa. Lakini umesema hujui. Nani alikufundisha?"

Nyuma ya Koplo mlango ulifunguka, na Mwalimu akatoka, akitembea polepole, mkono begani mwa Shangazi. Alisimama tu mahali ambapo angeonekana.

Bwana Harusi alipomwona, akawa kama nguo iliyoanuliwa kambani. Bibi Harusi alimtazama mumewe, akamtazama yule mwanamke wa bandeji, akamtazama tena mumewe. "Huyu nani kwako?" aliuliza. Akauliza mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi, na ilikuwa wazi kwamba ameshajua.

"Marehemu," Inspekta alisema.

Alipoanza kusema, yule bwana alisema yote, na alisema kwa mkewe, si kwa polisi. Alipoachwa, aliona haya. Mtu gani anaachwa na mke bila hata ugomvi? Aliwaambia majirani mkewe amesafiri. Walipozidi kuuliza, aliwaambia maji yamemchukua, akijua neno hilo litawanyamazisha, na likawanyamazisha. Walikuja na mikeka. Mama yake mwenyewe alimlilia mkwewe siku tatu hakula. Baada ya hapo njia ya kurudi haikuwepo. Watu walimpenda kwa msiba wake kuliko walivyowahi kumpenda kwa jambo jingine lolote, na baba yake Bibi Harusi, aliyefiwa na mke yeye pia, alimkabidhi bintiye kwa sababu hiyo hiyo, akasema mwenye kidonda anamjua mwenye kidonda.

"Halafu boti inaingia gatini," alisema, "namwona kasimama ndani ya maji hadi kiunoni, anamfundisha mtoto kuelea. Anacheka. Nilijua lazima siku moja mtakaa barazani hapa, mtazungumza, atakutajia jina langu."

"Ukataka kuufanya uongo uwe kweli," Inspekta alisema.

"Nilikuwa nimeshamzika," alisema yule bwana. "Yeye ndiye aliyefufuka."

Koplo alimfunga pingu mwenyewe, kwa adabu, akamsomea haki zake bila kukosea hata neno. Wakashuka ngazi. Nahodha aliwapisha njia, akatazama pembeni, kwa maana aliijua mahabusu ile na hakutaka kumcheka mtu anayekwenda kulala alipolala yeye.

Bibi Harusi alibaki amesimama katikati ya mizigo. Wifi alitaka kumkumbatia, Inspekta akamzuia kwa jicho. Mwalimu alikuwa anamkaribia, hatua kwa hatua, mpaka wakawa uso kwa uso.

"Nimekuombea dua tangu nimjue," msichana alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini hakuyafuta. "Kila nikisali, dada. Upumzike mahali pema. Sijui nikwambie nini sasa."

"Usiniambie kitu. Dua haipotei, labda ndiyo iliyonitoa majini." Mwalimu alimshika mkono, akaubana. "Ila nina ombi. Nenda kwenu, uwe kwa baba yako. Na kabla hujafika kwenu, pita kwa mama mkwe. Mwambie aache kunililia. Mwambie nipo, ninakula, ninalala na madirisha wazi."

Msichana aliitikia kwa kichwa. Alichukua begi lake, lake peke yake, akashuka kuelekea botini, na Nahodha akampokea mzigo.